Maji Moto ya Songwe na Jibu Nililolitoa kwa Haraka

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Mara nyingi nimezungumza nawe katika kurasa hizi juu ya sala, saumu na mirathi, nami nimekaa kitako barazani kwangu Pangani, vitabu viko karibu na kahawa iko karibu zaidi. Leo nataka kukuhadithia safari. Usidhani ni safari ya Hija, wala ya kuzuru makaburi ya wacha Mungu. Ni safari ya basi ya kwenda bara, katika miji ya milimani yenye baridi kali na chemchemi za maji ya moto, na aliyeifanya ni mzee aliyekwisha pita miaka sitini, ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na deni. Halikuwa deni la fedha. Hilo ningelituma kwa simu nikabaki na kahawa yangu.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mwaka 2022, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, nilikuwa nasomesha watoto baada ya sala ya alfajiri. Tulikuwa katika mlango wa maji, ule ambao kila mtoto wa chuo cha pwani ameupitia. Nikawaeleza kama nilivyoeleza kwa miaka arubaini: maji yakichanganyika na kitu tohara, kama maziwa au zafarani, yakabadilika hata yakapotewa na jina la maji, basi yenyewe hubaki tohara lakini hayamtoharishi mtu. Ama yakibadilika kwa kitu kilichomo katika makao yake au mapito yake, kama udongo, au kiberiti, au nura, hayo hayana neno. Hutawadhiwa na hukogewa. Mtoto mmoja mdadisi akanyosha kidole. "Maalim, nura ni nini?" Nikamwambia nura ni chokaa. Akauliza tena: "Kwani kuna maji yanayopita ndani ya chokaa?"

Nikafungua kinywa nimjibu, kisha nikanyamaza. Nilikumbuka simu.

Simu yenyewe ilikuja katika mwezi wa Ramadhani mwaka 2009. Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, kijana wa hapa hapa Pangani, aliyekwenda kutafuta riziki Mbeya akaoa huko na kujenga nje ya mji, katika bonde la Songwe. Jua lilikuwa linakuchwa. Tende iko mkononi, uji uko mezani, na muadhini keshakohoa kule msikitini. Kijana alikuwa na vocha ya dakika chache, basi maneno yake yalikuwa mbio mbio: "Maalim, huku tuna maji yametoka ardhini, yana moto, ladha yake si ya maji haya ya kawaida, na yakikauka yanaacha ukoko mweupe. Yanafaa kwa udhu?" Nami nikamjibu mbio mbio vile vile: "Maji yakibadilika sifa zake hayafai. Tafuteni mengine." Akasema, "Ahsante, Maalim." Simu ikakatika, na mimi nikafuturu.

Angalia, msomaji wangu. Jibu sahihi nilikuwa nalo kifuani. Nililihifadhi tangu sijaota ndevu. Imam Nawawi, ambaye alifariki mwaka 676 wa Hijra, ameliweka katika kitabu chake cha Minhaj, na waliokisherehesha wametaja nura na kiberiti kwa majina. Yule kijana alinieleza nura kwa macho yake, ukoko mweupe na ladha yake, isipokuwa hakuitaja kwa Kiarabu, na mimi sikumtambua. Niliyajua maneno na sikukijua kitu. Tena si mbali na kwangu, kaskazini ya mji wa Tanga, kule Amboni, ipo chemchemi ya maji ya kiberiti ambayo watu huifuata kwa kuogea. Tanga nimekwenda mara zisizo na idadi, kwa harusi na kwa maziko, na chemchemi ile sikupata kuikanyaga.

Sasa tia hesabu. Kutoka 2009 mpaka 2022 ni miaka kumi na mitatu. Udhu mara tano kwa siku, na majosho yake. Nilijaribu ile namba ya simu, haipatikani. Nikauliza jamaa zake, wakaniambia yu hai na yuko kule kule bondeni, lakini namba mpya hawana. Mke wangu aliponiona silali, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Si una nauli? Nenda." Basi baada ya Idi nikenda.

Nilifuatana na mjukuu wangu, kijana wa chuo kikuu, ambaye amezoea kuzunguka nchi na begi la mgongoni. Mimi nilifunga sanduku langu la safari zote, lile la chuma. Akalitazama, akacheka kwa adabu, akaniletea begi kama lake. Nguo mbili, sweta moja, kanzu, mswaki, birika dogo la plastiki la kutawadhia, na kitabu kimoja. Nilijiona kama askari. Lakini nakuambia kweli, mtu akibeba vitu vyake mgongoni huona upesi vipi ni vya haja na vipi ni vya fahari.

Tulilala Dar es Salaam kwa binti yangu, na alfajiri tukenda kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021. Basi likaondoka saa kumi na mbili. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, nasi tulikusudia kuikata kwa kulala Iringa. Juu ya kichwa cha dereva iliwekwa televisheni, na tangu Chalinze mpaka Morogoro tulionyeshwa mchezo wa mume, mke na kimada, wakipigiana makelele. Mtu hana pa kugeuza uso wake humo ndani. Nikageukia dirishani, na Mwenyezi Mungu akanilipa milima ya Uluguru.

Kabla ya kufika mji wa Mikumi, barabara inapita katikati ya mbuga. Twiga wamesimama kando kama watu wanaongoja basi. Halafu Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu isiyohesabika na vitunguu vya kuuza. Hapo karibu basi likasimama, na utingo akatangaza: "Dakika kumi, kuchimba dawa!" Nawe wajua maana yake. Wenzangu wakatawanyika vichakani, mimi na mjukuu wangu tukachukua birika. Tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, juu ya kanga tuliyoitandika chini ya mbuyu. Nalisema hili kwa ajili ya akina mama wanaosafiri na watoto, ambao huniambia kwamba safari ya basi "imewakalia vibaya" mpaka sala zikawapita. Ruhusa ya msafiri ni sadaka aliyotupa Mola wetu. Dakika kumi zilitutosha, na zikabaki za kununua mahindi.

Kisha tukaupanda Kitonga. Basi linanguruma na kujikunja, malori yanashuka kwa kunyata, na chini kuna bonde ambalo sikulitazama mara mbili. Ukifika juu hewa imebadilika. Watu wakaanza kufungua mabegi na kutoa masweta. Usiku ule Iringa sikuusahau: Julai ndio kitovu cha baridi ya nyanda za juu, na maji ya udhu wa alfajiri yalikuwa kama sindano. Wewe uliye Lamu au Unguja au Kilwa, unayelalamika kwamba kusi limevuma, siku moja uende ukatawadhe Iringa mwezi wa Julai. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho kitabu hakikunieleza: kwa watu wa kule, maji yanayotoka ardhini yana moto wake si jambo la kutazama tu. Ni rehema.

Kesho yake tukapita Makambako, tukateremka upande wa bonde la Usangu lenye mpunga, tukafika Mbeya kabla ya alasiri. Mji umekaa kiasi cha meta 1,700 juu ya bahari, milima imeuzunguka, na mlima Loleza uko nyuma yake kama ukuta wa kiambaza. Bonde la Songwe liko upande wa magharibi, safari ya chini ya nusu siku. Nilichotakiwa kufanya ni kupanda daladala ya Mbalizi asubuhi na kwenda zangu.

Sikwenda. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba maadamu tumefika huku, si vibaya kuiona Tukuyu kwanza. Tukapanda basi dogo kutoka Uyole, tukapandisha na kushuka katikati ya migomba, mashamba ya chai na mvua, kwani wilaya ya Rungwe ni katika pahali pa mvua nyingi kabisa Tanzania. Tukuyu Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Vijana wawili wa Kizungu wenye mabegi makubwa kuliko wao walikuwa wanauliza njia ya Ngozi, lile ziwa lililo ndani ya kinywa cha mlima wa volkano. Mjukuu wangu akawaelekeza, nao wakamshukuru kwa Kiswahili kizuri. Siku ya pili nikasema, si vibaya pia kuteremka upande wa Kyela tukaone maji moto ya Kilambo. Tukenda. Yako chini ya milima, yanafuka moshi kama chungu kilichofunuliwa.

Jioni ile, tukila ndizi za kupika, mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, tunakwenda, au tunazunguka?"

Sikumjibu. Alikuwa ameniona. Mimi niliyezoea kukaa mbele ya watu na kuwaambia watubu upesi kabla jua halijatokea upande wa magharibi, nilikuwa nakimbia katika milima ya watu ili nisikutane na mwanafunzi wangu.

Asubuhi tukarudi Mbeya, na siku hiyo hiyo tukashika njia ya Mbalizi mpaka bondeni Songwe.

Hapa nataka nikuambie kidogo juu ya maji yenyewe, kwani yanastahiki. Mbeya ni pahali ambapo mabonde makubwa ya ufa wa ardhi yanakutana: moja linatoka Ziwa Rukwa, jingine linakwenda Ziwa Nyasa, na la tatu ni la Usangu. Ardhi imepasuka chini kwa chini. Mvua ikinyesha milimani, maji huzama katika nyufa hizo, hushuka mpaka penye joto, kisha joto na mgandamizo huyasukuma yakarudi juu kwa njia nyingine. Katika safari yake hiyo huyayusha madini ya miamba. Yakifika juu, hewa iliyokuwa imefungika ndani yake hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyayuka hugeuka mawe tena. Ndiyo maana Songwe maji yamejijengea vilima na ngazi za mawe meupe na ya rangi ya samli. Mapango yenye popo yapo humo. Kiwanda cha saruji kilijengwa bonde hilo kwa sababu ya mawe hayo hayo. Serikali nayo iliunda mwaka 2013 kampuni ya kuendeleza jotoardhi, na Songwe, Ngozi na Kiejo-Mbaka ni katika sehemu zinazochunguzwa ili moto huo uzalishe umeme, kama wenzetu wa Kenya walivyoanza pale Olkaria mwaka 1981.

Niliposimama mbele ya yale mawe nikainama, nikakwangua kwa ukucha. Unga mweupe. Nura. Nimelitamka neno lile mara elfu, na hiyo ndiyo siku niliyoligusa.

Mwanafunzi wangu tulimkuta nyumbani kwake, anatengeneza kibanda cha kuku. Ameota mvi. Aliponiona aliangusha nyundo, akaja mbio, akanibusu mkono, akawa hajui amkaribishe nani kwanza. Nikakaa. Chai ikaletwa. Nikasema, "Mwanangu, kabla sijanywa, kuna jambo." Nikamweleza yote, simu, uji, mtoto mdadisi na nura.

Akainamisha kichwa. Akanyamaza muda, mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Maalim, nisamehe mimi. Lile jambo nilikwisha lijua."

Kumbe mwaka wa pili baada ya ile simu, mwalimu mmoja wa Mbeya mjini alikuja bondeni kwa maziko, akatawadha kwa maji ya chemchemi bila ya kusita. Mwanafunzi wangu akamuuliza, naye akamfungulia kitabu akamwonyesha. Tangu siku hiyo anayatumia. Miaka kumi na moja anayatumia, na mimi huku sina habari.

"Mbona hukuniambia?"

"Maalim," akasema, "mimi nitakukosoa vipi wewe?"

Ndugu msomaji, kuna maneno ya heshima yanayomchoma mtu kuliko matusi. Nilimkumbuka akiwa na umri wa miaka kumi, amekaa safu ya pili chuoni. Siku moja nilisoma irabu vibaya katika kitabu, naye akanirekebisha kwa sauti ndogo. Nilimsimamisha ukutani mpaka mwisho wa darasa, kwa utovu wa adabu. Usiku nilipofungua kitabu nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa sawa. Kesho yake sikusema kitu. Nilijiambia kwamba hadhi ya mwalimu ni hadhi ya elimu. Imam Malik, ambaye watu walimwendea kutoka nchi za mbali, anajulikana kwa wingi wa mas-ala aliyoyajibu kwa kusema kwamba hajui, na elimu yake haikupungua kitu. Mimi sikuwaachia wanafunzi wangu mlango hata wa kuniambia kwamba nimekosa irabu. Basi mtoto yule alijifunza somo nililomfundisha ukutani, akalishika kwa miaka thelathini.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia, amesikia yote.

Mama huyu ni mwenyeji wa huko huko. Alisilimu kabla ya ndoa, na mara baada ya kuolewa mumewe alimleta Pangani, akakaa nasi mwezi mzima. Fatiha aliisoma kwa mke wangu, na udhu nilimfundisha mimi, kwa maneno, na mke wangu kwa vitendo. Kwa hiyo kwake yeye mimi si mwalimu wa mumewe. Mimi ni mwalimu wake. Mumewe alipomwambia kwamba mwalimu wa Mbeya ameonyesha kitabu, yeye alijibu: "Maalim wangu kasema hayafai. Siku akisema mwenyewe yanafaa, nitayatumia." Na tangu 2009 alikuwa akienda kijitoni kuteka maji ya udhu wake na ya josho lake, mwendo wa nusu saa kwenda, na kurudi zaidi kwa sababu ya mlima. Kiangazi na masika. Alikuwa na mimba mbili katika miaka hiyo.

Akaweka sinia chini, akakaa mkekani kwa adabu, akaniuliza, "Sasa Maalim, zile ndoo zilikuwa za nini?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza mas-ala. Nami majibu nilikuwa nayo. Sisi watu wa vitabu hatukosi jibu. Ningeweza kumwambia juu ya ujira wa mwenye kutaabika katika ibada, na kwamba hakuna hatua inayopotea mbele ya Mola, na yote hayo ni haki. Lakini niliona haya kumlipa kwa fedha isiyo yangu. Ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu na Yeye ndiye atakayempa. Kilichokuwa juu yangu mimi ni kitu kingine. Nikamwambia, "Mwanangu, zilikuwa za kosa langu. Ulizibeba wewe badala yangu. Naomba unisamehe."

Akatazama chini. "Nimekusamehe, Maalim. Lakini nataka nikuone unatawadha."

Mume wake akataka kumkemea. Nikamzuia. Alikuwa na haki. Neno la kwanza lilimjia kwa simu, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa na haraka ya kufuturu. La pili alitaka kuliona kwa macho.

Tukenda chemchemini wakati wa alasiri, sisi wanne, na watoto wao wakatufuata. Yapo maji huko ya vuguvugu, na yapo ambayo mkono hauvumilii. Tukateka ya moto katika ndoo, tukayaweka chini yapoe. Hili nalo nikalieleza, kwani maji makali kwa moto ni makuruhu kutawadhia, kwa kuwa mtu huyagusa juu juu na udhu usienee. Na hapa mama yule akaniuliza maswali ambayo wanafunzi wangu wa chuoni hawajaniuliza kamwe. Ikiwa ule ukoko mweupe umekauka juu ya ngozi tangu jana, maji ya leo yanafika? Nikamwambia, ukiwa unga tu unaosuguliwa kwa kidole, uusugue uondoke kisha utie maji. Ukiganda mpaka ukazuia maji kufika kwenye ngozi, lazima uondolewe kwanza. Na ndoo yenyewe, iliyofanya tabaka ndani? Tabaka ile haina neno. Na akikoga kwa ajili ya mgongo, mwahala wanapokoga watu wengi? Nikamwambia ajichunge stara yake, na wanawake wawe na zamu yao au pazia lao. Maji hayana kosa. Kila swali nililisikiliza mpaka mwisho. Mawili nikamwambia nitayaangalia kitabuni usiku, na nikayaangalia.

Maji yalipopoa nikakunja mikono ya kanzu. Nikatawadha polepole, naye ananitazama tangu viganja mpaka miguu. Ladha yake nilipoyasukutua ni ya chumvichumvi, yenye uzito. Upepo wa Julai ukaikausha mikono yangu, na juu ya mvi za mikono ikabaki alama nyeupe, nyembamba kama poda. Kisha akatawadha yeye. Alipomaliza uso alisita kidogo, maji mkononi, kama anayengoja kuona kama kuna atakayemkataza. Halafu akaendelea. Tukasali pale pale juu ya mikeka, mimi mbele, wanaume nyuma yangu, naye nyuma ya wanawe.

Usiku nilimwita mwanafunzi wangu nje. Baridi ilikuwa inauma. Nikamwambia ile habari ya irabu. Akasema hakumbuki. Nadhani anakumbuka. Nikamwambia kwamba namba yangu anayo, na kwamba nikikosea anipigie siku hiyo hiyo, hata kama muadhini amekohoa. Akacheka, akasema, "Inshallah, Maalim." Sijui kama atapiga. Mpaka ninapoandika haya amepiga mara mbili, mara zote kwa salamu.

Alfajiri tulisali kwa maji ya chemchemi yaliyolala ndoo nzima uani, na bado yalikuwa na uvuguvugu kidogo katikati. Nilipotoka nje kulipopambazuka, nikamwona yule mama anapandisha njia ya kijitoni, ndoo kichwani. Moyo ukaniruka. Nikamfuata nikisema, "Mwanangu, hukuelewa jana?"

"Nimeelewa, Maalim," akasema, akishusha pumzi. "Haya ni ya chai. Chai ya maji yale hainyweki."

Mjukuu wangu akampokea ndoo. Na siku mbili tulizokaa pale, ya chai alikuwa anakwenda kuyateka yeye.